ESI ya India: makato ya rupia 135 na unachopata ukiugua

Fundi cherehani wa kiwanda cha nguo mjini Tiruppur anayelipwa rupia 18,000 kwa mwezi hukatwa rupia 135 za ESI, bima ya wafanyakazi inayoendeshwa na shirika la serikali la ESIC. Mwajiri wake anaongeza 585. Hiyo ni asilimia 0.75 kwa mfanyakazi na 3.25 kwa mwajiri, viwango vilivyoanza 1 Julai 2019. Kabla ya hapo jumla ilikuwa asilimia 6.5. Mwenye ujira wa wastani usiozidi rupia 176 kwa siku hakatwi kitu, mwajiri analipa sehemu yake tu. Mkenya anayekatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya SHIF bila mwajiri kuongeza hata shilingi ataelewa kwa nini tunaanza na bei. Kwa upande huo, ESI inastahili alama za juu.

Na si matibabu peke yake. Mpango huu ulizinduliwa Kanpur na Delhi 24 Februari 1952 chini ya sheria ya 1948, ambayo sasa imeingizwa katika Kanuni ya Hifadhi ya Jamii ya 2020, na tangu mwanzo ulitibu mgonjwa huku ukimfidia ujira alioukosa. Fao la ugonjwa ni asilimia 70 ya ujira wa siku, hadi siku 91 kwa mwaka. Mwenye kifua kikuu, saratani au ugonjwa mwingine ulio katika orodha ya magonjwa 34 anaweza kulipwa asilimia 80 hadi miaka 2, mradi awe na miaka 2 ya ajira mfululizo. Mama mjamzito hulipwa mshahara wote kwa wiki 26 kwa watoto wawili wa kwanza. Aliyeumia kazini, au njiani akienda kazini au kurudi, hulipwa asilimia 90 hadi apone. Akifariki, wategemezi wake hupata pensheni ya kiwango hichohicho, na familia hupewa rupia 15,000 za mazishi.

Turudi kwa yule fundi. Ujira wake wa siku, kwa hesabu ya siku 30, ni rupia 600. Akilipwa kwa siku zote 91, anapata rupia 420 kwa siku, jumla 38,220. Makato yaliyomfungulia haki hiyo ni ya miezi 6: rupia 810. Siku 2 za mwanzo za ugonjwa hazilipwi, isipokuwa kama ameugua tena ndani ya siku 15 tangu ugonjwa uliotangulia.

Wengi hukosa fedha hizi kwa sababu hawajui jinsi siku zinavyohesabiwa. Mwaka wa ESI una vipindi viwili vya michango, na kila kimoja kina kipindi chake cha mafao kinachokuja baadaye. Michango ya 1 Aprili hadi 30 Septemba inalinda 1 Januari hadi 30 Juni. Ya 1 Oktoba hadi 31 Machi inalinda 1 Julai hadi 31 Desemba. Ndani ya kipindi cha michango lazima ziwepo siku 78 zenye malipo. Sasa chukua mfanyakazi aliyekaa kijijini bila mshahara tangu Aprili, akarudi kazini 20 Julai. Hata akilipwa kila siku, hadi 30 Septemba atakuwa na siku 73. Akiugua Februari hapati fao la ugonjwa, ingawa kuanzia Oktoba hajakosa hata siku moja. Angerudi wiki moja mapema, angelipwa. Mwenye safari ndefu ahesabu siku hizi kabla ya kukata tiketi ya treni.

Mwajiriwa mpya ana kanuni yake. Kipindi chake cha kwanza cha mafao huanza miezi 9 baada ya kuanza kazi. Katika miezi hiyo haambulii fao la ugonjwa, lakini matibabu na fidia ya ajali kazini ni haki yake tangu siku ya kwanza. Kwa uzazi, sharti ni siku 70 za michango katika vipindi viwili vilivyotangulia.

Yanayoharibu haki hizi mara nyingi ni mambo ya ofisini. La kwanza ni namba mbili. Namba ya bima ina tarakimu 10 na ni ya maisha. Mfanyakazi anayehamia kiwanda kingine anatakiwa kuikabidhi kwa mwajiri mpya. Asipofanya hivyo husajiliwa upya, michango inagawanyika mafungu mawili, na hakuna fungu linalofika siku 78. La pili ni jina: lililo kwenye kitambulisho cha Aadhaar, kwenye akaunti ya benki na kwenye e-Pehchan, kadi ya ESI, liwe lilelile, herufi kwa herufi. La tatu ni zahanati. Wakati wa usajili unaweza kuchagua zahanati yako sehemu moja na ya familia sehemu nyingine. Mfanyakazi kutoka jimbo la Bihar aliyeko jimbo la Tamil Nadu asipolisema hilo, mke na watoto walioko nyumbani hubaki na bima iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka walipo.

Mwajiri anatakiwa kuwasilisha michango kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akichelewa anatozwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi ile asilimia 3.25 kwa namna yoyote, wala kumfukuza anapokuwa analipwa fao la ugonjwa. Asipolipa kabisa, haki ya mfanyakazi haifi: shirika linaweza kumlipa kisha likamdai mwajiri. Tunza hati za mshahara, maana ndizo zitakazokusemea. Na angalia michango yako kwenye tovuti ya ESIC kila mwezi, usingoje hadi uugue.

Ili ulipwe fao la ugonjwa, muone daktari wa bima kwenye zahanati yako siku uliyoanza kuugua, si wiki moja baadaye. Yeye ndiye anayeandika cheti cha ugonjwa. Cha daktari binafsi hakitoshi hivihivi. Ukipona anakupa cheti cha kurudi kazini, na madai yanaingizwa kwa Fomu 9. Kwa ajali, hakikisha mwajiri ameandika kwenye daftari la ajali na kutuma Fomu 12.

Upande wa matibabu ndipo tunapopunguza alama. Sheria ni nzuri: gharama ya mgonjwa mmoja haina kikomo. Ila zahanati nyingi huendeshwa na serikali za majimbo, ESIC ikitoa sehemu 7 kati ya 8 za gharama, kwa hiyo ubora hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Njia ya kawaida ni zahanati, kisha hospitali ya ESI, kisha rufaa kwenda hospitali binafsi yenye mkataba. Ukiruka ngazi bila dharura, bili ni yako. Kwa dharura, nenda hospitali yenye mkataba. Ukiingia isiyo na mkataba, unarudishiwa kwa viwango vya serikali, na tofauti unaibeba mwenyewe. Matibabu ya kibingwa ya juu yanahitaji miezi 6 ya ajira na siku 78 za michango. Kwa mwanafamilia, mwaka 1 na siku 156.

Kasoro inayotuuma zaidi ni kikomo cha mshahara, rupia 21,000 kwa mwezi (25,000 kwa mwenye ulemavu), kilichowekwa 1 Januari 2017. Anayepandishwa hadi 21,500 huendelea kuchanga hadi kipindi cha michango kiishe na hulindwa hadi mwisho wa kipindi cha mafao kinachofuata, kisha anatolewa yeye na familia yake. Nyongeza ya rupia 500 inamnyang'anya bima ambayo hawezi kuinunua sokoni kwa rupia 500. Malipo ya saa za ziada hayahesabiwi katika kikomo hicho.

ESI si pensheni. Akiba ya uzeeni iko EPFO, shirika la mfuko wa akiba wa wafanyakazi, inayoanzia sehemu zenye wafanyakazi 20, wakati ESI inaanzia 10. Huko kila upande huchanga asilimia 12, na pensheni huhitaji miaka 10 ya utumishi. Mchuuzi au kibarua asiye na mwajiri hayumo kote kuwili. Yeye atazame PM-SYM, pensheni ya hiari ya serikali inayompokea mwenye umri wa miaka 18 hadi 40 na kuahidi rupia 3,000 kwa mwezi akifika 60.

Anayestaafu baada ya miaka 5 au zaidi ndani ya ESI ana haki ambayo viwandani haitajwi sana: kwa rupia 120 kwa mwaka, yeye na mwenzi wake wanaendelea kutibiwa. Aombe uthibitisho wa utumishi kwa mwajiri kabla ya siku yake ya mwisho kazini.