The Real McCoy: Albamu ya Kununua kwa Ajili ya Mkono wa Kushoto

Sikiliza mkono wa kushoto kwanza. Katika "Passion Dance", kibao cha kwanza, mpiga piano wa jazz McCoy Tyner, mwenye albamu hii, anaushusha chini kabisa kwenye piano, anagonga noti za F na C kwa pamoja, halafu anauinua haraka kushika noti zilizoachana kwa nafasi ya nne nne (ukihesabu ngazi ya muziki, kila noti ni ya nne kutoka iliyotangulia), si tatu tatu kama ilivyozoeleka. Solo za kibao hicho zinazunguka F tu, hazihami. Mwingine angechosha baada ya dakika mbili. Tyner anatoka nje ya F makusudi, analiacha sikio liyumbe, kisha ile F nzito ya chini inawarudisha wote nyumbani.

Albamu ilirekodiwa kwa siku moja, 21 Aprili 1967, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, ikatolewa na kampuni ya rekodi ya Blue Note. Joe Henderson anapuliza saksafoni, Ron Carter yuko kwenye besi, Elvin Jones kwenye drams. Tyner na Jones walipiga pamoja miaka kadhaa katika kundi la mpiga saksafoni John Coltrane, na inasikika: Tyner akigandamiza, Jones hashindani naye kwa sauti, anajaza mianya kati ya noti zake. Na wanaomsikiliza Henderson wakimtafuta Coltrane wanamwonea bure. Huyu ana lugha yake, na hana haraka ya kuimaliza.

Kasoro ni sauti ya piano. Imebanwa, kana kwamba kifuniko kimefungwa, na noti za chini hazipati nafasi ya kuvuma. Ukitumia spika ya simu ndiyo umeharibu kabisa: F na C za chini zinapotea, unabaki na mlio wa juu unaofanana na fujo. Tafuta hedifoni nzuri. Ila usiongeze besi kwenye ikwalaiza, maana Carter na mkono ule wa kushoto wanakaa eneo moja, watavurugana.

Nyimbo ni tano, zote za Tyner, kama dakika 37 hivi. Mgeni wa jazz asianze na "Four by Five", ina kasi ya kumkimbiza. Aanze na "Search for Peace", ya polepole, kisha "Contemplation", ambayo mdundo wake unahesabiwa moja-mbili-tatu. "Blues on the Corner" inafunga albamu. Inachangamsha tu, na baada ya zile nne, ndiyo rahisi kuiruka.