Kozi ya kubadilisha mitambo kuukuu ya udhibiti, Hoima: nyota nne

Laki tisa si hela ya kuchezea, kwa hiyo naandika ili mwingine asome kabla ya kutoa zake.

Kozi ni ya siku tano: kung'oa mifumo ya udhibiti iliyozeeka kwenye vituo vya mafuta ghafi na kuweka mipya. Jamaa zangu wa Arua walinicheka. Mafuta ya Uganda yamegunduliwa 2006, miradi ya Tilenga na Kingfisher bado inanukia rangi, huo uzee nimeuona wapi? Nimeuona ng'ambo ya mpaka, nilikokaa miaka sita nikiwa fundi wa mita na vali, kwenye kituo ambacho skrini zake zilikuwa za Windows XP miaka mingi baada ya Microsoft kuacha kuihudumia mwaka 2014. Mkataba nikiupata kesho, utakuwa wa huko tena.

Mzee anayefundisha hakugusa kompyuta siku ya kwanza. Alitufungulia paneli yenye PLC-5, kompyuta ya kuongoza mitambo (PLC), ile ya Allen-Bradley iliyotoka 1986 na kuacha kutengenezwa 2017, akatupa mchoro wake na tesita. "Fuateni kila waya mpaka mwisho, mniambie mchoro umedanganya wapi." Tukadhani ni kazi ya nusu saa. Tulimaliza saa kumi jioni, na nyaya kumi na moja hazikuwa mahali mchoro uliposema.

Roho iliniuma. Kule ng'ambo kituoni tuliwahi kukata waya ulioandikwa "spea" kwenye mchoro. Miaka ya nyuma kuna mtu aliuazima kwa swichi ya usalama ya mtungi wa kutenganisha mafuta, gesi na maji, asiandike popote. Swichi hizo huunganishwa kwa makusudi hivyo kwamba umeme ukikatika, vali inajifunga. Ikajifunga, na kituo kizima kikanyamaza. Mafuta ya huko yana nta, yakipoa bombani yanaganda kama samli. (Ya Uganda nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana bomba la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, ni la kupashwa joto.) Hatukulala usiku ule.

Siku ya tatu peke yake ilirudisha hela yangu. Pampu, tangi la maji, vali, PLC kuukuu inaongoza. Kazi yetu: ihamishie PLC mpya uongozi huo bila mtambo kusimama. Unaiweka vali iongozwe kwa mkono, mwenzio mwenye redio anasimama palepale, unahamisha waya, halafu unalisha miliampia 4, 12 na 20 (umeme mdogo unaobeba kipimo) huku msomaji wa skrini akiita asilimia: sifuri, hamsini, mia. Sifuri ni 4, ili ikishuka hadi 0 ujue waya umekatika na si kwamba tangi ni tupu. Kundi letu lilimwaga maji mara mbili. Ya pili ni yangu: transmita, yaani kipimaji cha kina cha maji, ilipangwa sentimita 0 hadi 150, mimi kwenye programu nikaandika 100. Tangi linafurika, skrini inasema bado theluthi. Mzee hakunigombeza, alinipa dekio tu.

Mzee anachanganya Kiswahili na Kiingereza, na kidogo Kiganda akikasirika. Wenzetu wawili wa Bunia walimfuata vizuri kuliko kitabu walichopewa, ambacho ni Kiingereza kitupu.

Siku ya nne ilinichosha. Kijana mwingine alikuja kutusomea ukutani habari za kulinda mitandao ya mitambo dhidi ya wadukuzi, neno kwa neno, hata swali hakulitaka. Na kuhusu ving'ora, hakuna kitu! Mfumo mpya ukiufungua bila kuvichuja, wahudumu wanapigiwa kelele mpaka wanazima sauti. Hilo lilistahili siku nzima. Kompyuta nazo ni tano kwa watu kumi na wanne, moja leseni yake imekwisha. Umeme ulikatika mara mbili, na jenereta ilisubiri mtu akatafute dizeli mjini.

Chakula ni posho (ugali) na maharage, ila Ijumaa tuliletewa samaki wa Ziwa Albert.

Mkienda, bebeni tesita zenu. Za pale betri zimechoka, na mimi nilipoteza asubuhi nzima nikiulaumu waya usio na kasoro.