Tofali la kuchoma au la saruji?

Tofali la kuchoma huanza kama udongo wa mfinyanzi, hukaushwa kivulini, kisha huingia tanurini kwenye joto la nyuzi 900 hadi 1,100 hivi za Selsiasi. Humo ndimo linamopata ugumu wake, na humo ndimo linamoharibikia. Yaliyo karibu mno na moto huungua hadi yakapinda; ya pembeni hubaki mabichi, ukiyakwaruza kwa kucha yanatoa unga. Kuyapima ni rahisi: gonganisha mawili. Yakilia kama chuma, chukua. Yakitoa mlio butu, acha.

La saruji halitaki moto, linataka maji. Likishatoka kwenye mashine limwagiliwe siku 7 angalau. Wengi hupuuza (maji ni kazi, jamani), ndiyo maana unakuta tofali linamong'onyoka hata kabla halijamfikia fundi. Sifa yake kubwa ni ukubwa: ukuta unapanda haraka na mota (udongo wa saruji, mchanga na maji unaoshikanisha matofali) inatumika kidogo.

Kwa ukuta wa nje usiopigwa plasta, mimi nachukua la kuchoma bila kusita. Rangi yake haififii, na moto lilishauzoea. Ila lina kiu: lisipoloweshwa kabla ya kujengewa, linafyonza maji ya mota na mshiko unakuwa hafifu. Likichomwa kwa kuni, miti inateketea. Saruji nayo isijitape, maana kiwandani mawe ya chokaa huchomwa kwa nyuzi 1,450 hivi.

Msingi ulio kwenye unyevu, hapo naweka la saruji, tena lile lililoshindiliwa sawasawa.