Umepigwa tochi: ulipe au ubishe?

Ukitoka Uyole kuelekea Makambako, vibao vya mwendo wa 50 vinajitokeza kila penye makazi, na trafiki mwenye tochi, kile kifaa cha kupima mwendo wa gari, anaweza kuwa kona yoyote. Akishakuandikia, faini ni shilingi 30,000.

Kulipa ni rahisi: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu, deni linafutika. Ila ukilipa umekiri kosa.

Kubisha ni kwenda mahakamani, na huko cha kubishia ni kipimo chenyewe. Kwa hiyo omba kwanza kuona picha: namba ya gari, mwendo, saa, mahali. Tochi ya rada hutuma mawimbi ya redio na kusoma yamebadilikaje yanaporudi. Mwale wake hutanuka kadiri unavyokwenda mbali, hivyo semi iliyokuwa inakuovateki inaweza kusomwa badala yako. Hapo una hoja. Tochi ya leza mwale wake ni mwembamba, hulenga gari moja. Kusema "lilikuwa gari jingine" ni kazi ngumu. Na nyie wa "alinipiga kwa pembeni", poleni: pembe hupunguza mwendo unaosomeka, haiongezi.

Halafu kuna nauli na siku za kufuatilia kesi. Unaishi Mbeya, umekamatwa Mafinga? Kwenda na kurudi tu kunaweza kuimeza hiyo 30,000, na shauri bado linaahirishwa. Mimi ningebisha kama picha haionyeshi gari langu, au kama kibao cha 50 hakikuwepo kabisa. Vinginevyo nalipa, huku nanung'unika.