Fundi niliyemwachia saa ya marehemu baba

Omega Seamaster ya marehemu baba ilianza kuchelewa dakika nne kwa siku. Haina betri, inajijaza kwa mwendo wa mkono, na mafuta yake yakikauka vyuma husagana ndani kwa ndani.

Duka la kwanza, huko Westlands, Nairobi, walinikaribisha kwa kahawa. Walisema saa itapelekwa nje. Nje wapi? Hakuna aliyejua, na risiti waliyotaka kunipa haikuwa hata na namba ya saa. Nikaondoka nayo.

Niliyemwachia ni fundi mzee wa ghorofa ya pili, karibu na Biashara Street. Aliifungua mbele yangu, lenzi jichoni, akanionyesha mpira wa kuzuia maji: umekauka na kupasukapasuka kama ganda la muhogo. Kisha akailaza juu ya kimashine kinachosikiliza mapigo, ambayo kwa saa kama hii ni 28,800 kila saa moja. Yalikuwa yakiyumba.

“Mzee, utaing'arisha pia?”

“Mwanangu, mikwaruzo ya baba yako nikiifuta siwezi kuirudisha.”

Hapo ndipo nilipomwamini.

Nililipa shilingi 32,000, na alichelewa wiki mbili zaidi ya siku tuliyokubaliana, jambo lililoniudhi sana. Pia hana mtambo wa kupima shinikizo la maji, na aliniambia wazi nisiogelee nayo. Vipuri vya zamani alinirudishia kwenye bahasha. Sasa inatangulia sekunde nne tu kwa siku. Nitamrudia.