Pasteli za mafuta boksi la rangi 25, nimezitumia wiki nane na watoto wa darasa la pili na la tatu

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aondoke nayo: nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoitoa ina sababu yake na ni sababu iliyonitoa machozi wiki ya pili ya mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayejiandaa kwenda fildi tafadhali usiishie hapa juu.

Mi ni mwalimu mwanafunzi, nilipangiwa sanaa madarasa ya chini, watoto 42 darasa moja na kipindi ni dakika 40. Nilienda na mpango wa kuanza na penseli za rangi sababu ni safi, hazimwagiki na hazina harufu. Mwalimu wangu mlezi akasoma andalio la somo akaniambia anza nazo tu, utaniambia mwenyewe. Kipindi cha kwanza kikaisha robo ya darasa iko kwenye foleni ya kichongeo, na waliobaki kwenye madawati wanapaka rangi hafifu mno, ukisimama nyuma ya darasa unaona karatasi nyeupe tupu. Sio uvivu, mkono wa mtoto wa miaka saba hauwezi kujaza karatasi nzima ya A4 kwa kincha chembamba vile, anachoka katikati ya kazi afu anakuletea anasema amemaliza.

Ndo mwalimu mlezi akanifungulia kabati, kulikua na maboksi 11 ya pasteli za mafuta, zile fupi nene zilizovikwa kikaratasi kila moja, tukagawa boksi moja kwa watoto wanne. Kwa asiyezijua, usizichanganye na kreyoni za kawaida. Kreyoni ni nta ngumu na rangi, ukipaka juu ya karatasi nyeusi haionekani vizuri. Pasteli ya mafuta ndani yake kuna nta, kuna rangi na kuna mafuta yasiyokauka, hivo ni laini kama lipstiki na inafunika kabisa kilichoko chini. Mtoto akigusa tu karatasi rangi imeshatoka, tena imeiva. Na sio kwamba ni vifaa vya wasanii vilivyopunguzwa ubora ili wapewe watoto, historia yake imeanzia huku kwetu kwenye madarasa: kampuni ya Sakura ya Japani ndio waliozitoa miaka ya 1920 kwa ajili ya wanafunzi, kipindi ambacho kule kulikua na vuguvugu la kutaka watoto wachore wanachokiona wao badala ya kunakili picha za mwalimu. Zile za daraja la msanii, ambazo kampuni ya Sennelier ya Ufaransa walitengeneza baada ya mchoraji Picasso kuziomba, zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sasa nieleze kilichonifanya nizipende. Kuna mtoto mmoja wa darasa la tatu alikua anachora kila kitu kwa rula. Nyumba kwa rula, mti kwa rula, mpaka miguu ya watu kwa rula, na raba haitoki mkononi, akikosea milimita moja anafuta mpaka karatasi inatoboka. Siku ya kwanza ya pasteli akaweka rula yake kama kawaida akapitisha pasteli ya bluu pembeni yake, rula ikachafuka bluu, alivyoisogeza ikaburuza ule uchafu katikati ya picha. Akafuta kwa raba, ndo ikazidi kutapakaa, sababu raba haifuti mafuta, inayasambaza. Akaniangalia. Nilikua nimeshafungua mdomo nimwambie chukua karatasi nyingine, mwalimu mlezi akanigusa bega nikanyamaza. Yule mtoto akakaa kama dakika nzima anaiangalia ile alama, afu akachukua pasteli ya bluu tena akaivuta ile alama ikawa mto, akaweka rula chini ya dawati. Wiki nane zote sikuiona tena kwenye kipindi changu. Mi ningeweza kuongea mwezi mzima habari za kuchora kwa uhuru asingenielewa, kifaa chenyewe ndo kilimwambia hapa hakuna kufuta, endelea.

Halafu zinachanganyika kwenye karatasi palepale bila maji wala brashi. Unapaka njano, unapaka bluu juu yake, unasugua kwa kidole, kijani kinazaliwa mbele ya macho ya mtoto na kelele unayoisikia darasani ni kelele nzuri. Ila hapa kuna kitu maboksi mengi hayakwambii. Niliandaa kipindi cha rangi tatu za msingi, nikawaambia tumieni nyekundu, njano na bluu tu, tutatengeneza zingine zote. Chungwa ikatoka, kijani ikatoka, zambarau ikagoma. Darasa zima inatoka rangi ya tope. "Ticha, mbona kwenye ubao umeandika zambarau?" Nilidhani wamekosea vipimo, nikapaka mwenyewe, tope vilevile. Kumbe ile nyekundu ya kwenye boksi inaelekea kwenye chungwa, yaani imeshabeba njano ndani yake, ukiiweka pamoja na bluu unakua umechanganya zote tatu na zote tatu zikikutana zinatoa kahawia. Dawa yake ni kutumia ile pinki kali inayokaribia majenta, hiyo na bluu inakupa zambarau safi kabisa. Kipindi kilichofuata nikarudi nikawaambia jana niliwapa nyekundu isiyofaa, tujaribu hii, na walivyoiona zambarau wakaanza wenyewe kuulizana kwa nini. Jaribu kila mchanganyiko nyumbani kabla hujaandika chochote ubaoni.

Rangi haziishi sawasawa, na hili linategemea umri. Watoto wa miaka saba mpaka tisa wengi wanachora ardhi kama mstari chini ya karatasi na mbingu kama utepe wa bluu juu kabisa, katikati wanaacha wazi, ni hatua ya kawaida ya ukuaji wa uchoraji wao ambayo Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, aliieleza tangu mwaka 1947 na nakuomba usiisahihishe. Mi nilikua na hamu kubwa ya kuwaambia mbingu inashuka mpaka chini, nikajizuia. Matokeo yake kijani na bluu zinaliwa haraka mno. Ila inayokwisha kabla ya zote ni nyeupe, sababu wakishagundua kwamba nyeupe inalainisha rangi zingine na kuzichanganya basi kila mtu anaitaka, na boksi lina kipande kimoja tu. Wiki ya pili tu hatukua na nyeupe hata moja na kahawia zilikua nzima kama zimetoka dukani. Kama unaweza kupata nyeupe za kununua moja moja, chukua nyingi.

Karatasi nayo inaleta tofauti. Ile ya fotokopi ya gramu 80 ni laini mno, pasteli inateleza na tabaka la pili halishiki. Karatasi yenye mkwaruzo kidogo ndo nzuri, na kama ni ya rangi ya giza ni bora zaidi. Tulichora picha za usiku kwenye karatasi nyeusi, mataa na mwezi, rangi zikawaka utadhani zina umeme.

Kipindi walichokipenda kuliko vyote kilikua cha kukwangua. Wanajaza karatasi kwa rangi kali kali bila kuacha nafasi, wanafunika yote kwa nyeusi, afu wanachora kwa kijiti cha meno na rangi za chini zinatokea kwenye mistari. Kutakua na vumbi jeusi la mafuta, na mtoto kiasili atalipuliza, likipulizwa linatua kwenye picha ya jirani na kola ya shati. Wafundishe kabla ya kuanza kwamba karatasi inainuliwa inagongwa juu ya gazeti. Cha pili ni kupaka rangi ya maji nyepesi juu ya mchoro wa pasteli, maji yanayakimbia mafuta na mchoro unabaki unang'aa katikati ya bluu. Huko nilichelewa kuwaonyesha, ningekianza wiki ya kwanza.

Haya, nyota niliyoitoa. Nilisema mafuta yake hayakauki. Hayakauki leo, hayakauki kesho, na boksi halijaandika popote. Wiki ya pili nilikusanya picha zote 42 nikazipanga moja juu ya nyingine, nikaweka na kitabu kizito juu zisijikunje. Asubuhi nikafungua, kila picha imenakili kwenye ya juu yake, sura za watu zimepakwa nyasi za jirani, na kuna msichana alikua amemchora bibi yake akiwa na kitambaa cheupe kichwani, kile kitambaa kilikua kimekua kijivu. Ilibidi niwaambie darasa zima ni kosa langu. Yule msichana hakulia, aliniuliza tu kama kuna nyeupe imebaki, na haikuwepo. Nililia mimi chooni. Mtengenezaji angeandika sentensi moja tu kwenye mfuniko, weka karatasi kati ya picha na picha, ningeokoa kazi ya watoto. Tangu siku hiyo naweka karatasi nyembamba ya kuokea au hata gazeti la zamani katikati, na haijatokea tena, ila gazeti lenyewe linaacha wino kidogo kwenye rangi nyepesi hivo ya kuokea ni bora.

Kuhusu usalama, maboksi yetu yalikua na alama ya AP, maana yake yamepimwa na kuonekana hayana sumu, na kwa zinazouzwa Ulaya angalia EN 71, kiwango chao cha usalama wa vitu vya kuchezea watoto. Usiwape watoto za wasanii hata ukipewa bure, baadhi zina rangi za kadmiamu na mkono wa mtoto unaenda mdomoni.

Usafi ni rahisi ukijua mpangilio. Ukimpeleka mtoto bombani moja kwa moja anarudi na mikono imepakaa zaidi. Kwanza anajifuta kwa karatasi kavu, afu sabuni, afu maji. Kwa dakika 40 mi nilikua nasimamisha kazi dakika ya 30, mapema kuliko unavyodhani, na vile vipande vilivyovunjika nilikua situpi, vinachunwa karatasi vinalazwa ubavu na kutumika kupaka sehemu pana. Kwenye nguo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isuguliwe pakavu kabla ya kulowesha, niliijaribu kwenye mkono wa shati langu jeupe na ilitoka yote isipokua bluu.