Mafundi wa Nyegezi na matusi ya mitandaoni: mihula miwili ya huduma kwa timu ya chuo

Kwa mihula miwili sasa, timu za soka na netiboli za chuo ambacho mimi ni mlezi wake wa michezo hapa Mwanza zimekuwa zikilipia huduma isiyohusu jezi, mipira wala nauli, bali kuwakinga wachezaji na yale wanayoandikwa mitandaoni baada ya mechi. Watoa huduma ni vijana wawili wenye chumba kimoja kando ya duka la kuchapa na kurudufu, katika barabara ya kutoka Nyegezi kwenda Malimbe: wa kiume ni fundi wa simu, na mwenzake wa kike amesomea ushauri nasaha. Hawana bango, na jina la biashara yao limeandikwa kwa kalamu tu kwenye kitabu cha stakabadhi, kwa hiyo anayewahitaji atawapata kwa kuwauliza mafundi simu wa jirani. Bei yao ni shilingi 15,000 kwa akaunti moja kwa muhula. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walezi, makocha na wazazi wa vyuo vingine vya Kanda ya Ziwa ambao wamekuwa wakiniuliza kama fedha hiyo inarudi. Inarudi, ila si kwa sababu ile iliyonipeleka pale mara ya kwanza.

Kilichonipeleka ni mlinda mlango wetu. Katika mechi ya vyuo iliyochezwa uwanja wa Nyamagana, mbele ya wanafunzi waliokuja na ngoma na vuvuzela, mpira mwepesi wa dakika za mwisho ulimpiga tobo ukaingia wavuni, nasi tukatolewa. Kabla basi letu halijapita Mkuyuni, simu yake ilikuwa ikitetema mfululizo. Hakuna aliyemtukana kwa neno zito jioni ile. Waliandika neno moja tu, "Asante", mmoja baada ya mwingine, chini ya picha aliyopigwa na dada yake siku ya kuripoti chuoni. Nilikuwa nimeketi naye kiti kimoja, nikamwona akipandisha kioo kwa kidole gumba: asante, asante sana golikipa, asante kaka, asante, hadi chaji ikaisha, naye akabaki ameishikilia simu iliyozimika mpaka tulipofika.

Wiki zilizofuata alianza kupangua mipira ambayo zamani aliidaka kifuani. Akaacha kutoka golini kwenye krosi, na akaacha kula kantini saa za watu wengi, akisubiri wapishi waanze kuosha sufuria ndipo aingie.

Mwalimu wake naye hakusalimika. Watu husahau kwamba kocha wa chuo kwetu si mtu wa mkataba mnono. Wa kwetu hupewa posho ya nauli na maji, na asubuhi yupo darasani katika shule ya sekondari akifundisha jiografia. Kwenye ukurasa wa timu waliandika kwamba ameuza mechi, na mtoto wake akaulizwa shuleni baba yake alilipwa shilingi ngapi. Mechi iliyofuata alimweka benchi beki wa kushoto ambaye sote tulijua ndiye bora tuliyenaye, na nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuficha kwamba usiku wa kuamkia mechi alisoma maoni hadi saa saba, na kila alipoandika jina la kijana yule kwenye karatasi ya kikosi alikuwa akisikia yatakayosemwa endapo angekosea. Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili limeshaingia uwanjani, na kwamba kuwaambia "msijali maneno ya watu" hakutoshi.

Siku ya kwanza fundi humketisha mchezaji mezani, humpa daftari na kalamu, na kumtaka aandike maneno yote anayoona yanamuumiza, ili yaingizwe kwenye chujio, yaani orodha ambayo programu huitumia kuficha maandishi yenye maneno hayo. Sikutarajia kwamba hatua hiyo ingekuwa nzito kiasi kile. Mfungaji wetu wa netiboli aliandika mistari minne kisha akalilaza daftari kifudifudi, kwa sababu yote minne ilihusu mwili wake na hakuna hata mmoja uliohusu mchezo wake. Fundi hakulifunua, alimwita mwenzake wa kike, akatoka nje, wakamaliza wao wawili. Mlinda mlango aliandika "stoo bila mlango", "mikono ya mlenda", "muuza mechi", na mwisho kabisa "asante". Fundi akamweleza kwa upole kwamba neno hilo likiingizwa kwenye orodha, kila asante itakayoandikwa chini ya picha zake itafichwa, zikiwemo za dada yake. Kijana alifikiri kwa muda mrefu, kisha akalikata kwa mstari mmoja. Chujio linajua herufi; kejeli haliijui, na wenye kejeli wanalifahamu hilo, ndiyo maana tusi lenyewe likizuiwa hubadilishwa herufi moja ikawekwa tarakimu, au huandikwa kwa Kisukuma, likapita.

Kazi hii ya kuweka chujio haina siri, na nasema hivi ili msomaji asidhani analipia kitu kilichofungiwa kabatini. Zana zenyewe zimo ndani ya programu na ni za bure. Mwezi Aprili 2021 Instagram ilileta sehemu ya kuficha jumbe zenye maneno yaliyochaguliwa, na Agosti mwaka huohuo ikaongeza nyingine ya kuwazuia kwa muda watu wasiokufuata au walioanza kukufuata karibuni. Katikati ya miezi hiyo, Julai 2021, ilichezwa fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, na Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka wakamwagiwa matusi ya kibaguzi kwa kukosa penalti. Ni rahisi kuona zana hizi zinamfaa nani: mtu maarufu anayevamiwa na wageni asiowajua. Mchezaji wa chuo hana wageni. Walioandika "asante" walikuwa wakimfuata tangu mwaka wa kwanza, wengine walikuwa wameketi naye mhadhara mmoja asubuhi ya siku ileile. Kikulacho ki nguoni mwako, na zana inayowazuia wageni haikuwagusa. Tena kilichofichwa hakifutwi. Kinawekwa kando, na mwenye akaunti anaweza kukifungua wakati wowote. Mlinda mlango wetu alikifungua saa nane usiku, siku ya tatu tu baada ya chujio kuwekwa.

Nimefuatilia kidogo yanayofanyika Marekani, kwa kuwa huko michezo ya vyuo ni mambo makubwa, mechi huonyeshwa kwenye televisheni na mwanafunzi wa miaka 19 hujulikana nchi nzima. Chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kilishirikiana na kampuni ya Signify kuzipitia kwa mashine jumbe na maoni zaidi ya milioni 1.3 yaliyowahusu wachezaji, makocha, waamuzi na viongozi, na taarifa yao ya Oktoba 2024 ilithibitisha kwamba zaidi ya 5,000 yalikuwa ya unyanyasaji. Wachezaji wa kike wa mpira wa kikapu walipokea vitisho takriban mara tatu ya wenzao wa kiume. Asilimia 12 ya unyanyasaji wote ilihusu kamari. Tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoziachia majimbo njia ya kuruhusu kamari ya michezo mwaka 2018, kijana anayekosa kikapu kimoja hudaiwa fedha na watu asiowahi kuwaona, na Machi 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, alitaka majimbo yapige marufuku dau linalowekwa juu ya mchezaji mmoja mmoja wa chuo. Wala haiwezekani kumwambia kijana huyo afunge akaunti, kwa sababu tangu Julai 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na akaunti ndiyo duka lake.

Kwetu mchezaji hapati hata senti kwa jina lake, na sijawahi kuona mkeka wenye mechi ya vyuo vya Mwanza. Aliyemwandikia mlinda mlango wetu hakupoteza fedha. Alipoteza tambo mbele ya watani wake wa chuo cha pili, na alitaka kumpelekea mtu uchungu huo kabla haujapoa. Kwa hiyo dawa ya kule, ya mashine inayopekua mamilioni ya jumbe, haiwezi kuwa dawa ya hapa, ambako jumbe ni mia chache na waandishi wake wanafahamika kwa majina, vyumba na kozi wanazosoma.

Stika ilinionyesha hivyo waziwazi. Mtu alichukua picha ya mlinda mlango wetu, akamkata mikono yote miwili, akaitengenezea stika ya WhatsApp, ikazunguka makundi ya madarasa hadi ikaanza kutumika hata pale mtu alipoangusha kikombe. Hakuna chujio linaloingia kwenye makundi hayo. Hapo fundi alifanya kazi ambayo ningeweza kuilipia peke yake: alikusanya picha za kioo zenye tarehe, saa na namba ya mtumaji wa kwanza, akazichapa, akazipanga kwenye faili. Alitueleza pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 23, inatoza faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni kwa kusudi la kumuumiza kihisia. Hatukwenda polisi. Tulikwenda kwa mshauri wa wanafunzi na faili letu, na aliyetengeneza stika akapatikana siku ileile: jirani wa bweni, milango miwili tu kutoka kwa mlinda mlango, kijana aliyekuwa akimwazima pasi kila Jumapili. Alilia kabla ya kuulizwa swali la pili. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mwenye picha naye yumo katika makundi yale.

Hata hivyo, kitu ninachokithamini kuliko vyote katika huduma hii ni kile ambacho wao wenyewe hawakitangazi. Kila jioni baada ya mechi, yule dada mshauri husoma kwa niaba ya mchezaji yote yaliyoandikwa hadharani, na kesho yake humkabidhi nusu karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Juu huandika yanayohusu mchezo, chini huandika mema, na matusi huyaacha katika faili lake. Karatasi ya kwanza ya mlinda mlango ilisema hivi: "Watu tisa wanasema unachelewa kutoka kwenye krosi za upande wa kulia. Wawili wanasema umesimama karibu mno na mstari. Mama mmoja wa Igoma anasema ulimsaidia mchezaji wa timu pinzani aliyeshikwa na misuli, na amependa." Mwalimu aliichukua karatasi hiyo, akatenga dakika ishirini za kila mazoezi kwa krosi za kulia, na kusema kweli mashabiki wale tisa walikuwa wameona sawasawa. Miongoni mwa mamia waliokuwa wakimzodoa kulikuwa na tisa waliokuwa wakimfundisha, na kijana asingeweza kuwasikia kwa kuwa sauti zote zilikuwa zikimfikia kwa pamoja, usiku, akiwa peke yake kitandani.

Kasoro zipo, na nyingine si ndogo. Mwanzoni walitaka nenosiri la kila mchezaji ili wafanye kazi kwa urahisi. Nilikataa, na ninamsihi kila mlezi akatae, kwa sababu ndani ya simu ya kijana mna barua za nyumbani, mapenzi na miamala ya fedha. Sasa mpangilio hufanywa mchezaji akiwa ameshika simu yake mwenyewe, fundi akielekeza kwa mdomo, na jumbe za faragha hawazioni kabisa. Chumba hufungwa Jumamosi kutwa kwa ajili ya ibada yao ya Sabato, jambo ambalo ninaliheshimu kwa dhati, lakini mechi zetu nyingi ni za Jumamosi alasiri, na usiku wa Jumamosi ndio mbaya kuliko yote. Tumelipunguza tatizo hilo kwa manahodha kukusanya simu kwenye kapu tunapopanda basi na kuzirudisha baada ya chakula cha jioni, ingawa si wachezaji wote wanaokubali, na siwezi kumlazimisha mtu mzima.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba huduma ilibuniwa kwa mchezaji peke yake. Kocha hatukanwi kwenye akaunti yake. Hutukanwa kwenye ukurasa wa timu, ambao haumo katika bei, na kwa muhula mzima wa kwanza wachezaji wetu walikuwa wakipokea nusu karatasi huku mwalimu wao akiendelea kusoma kila kitu peke yake hadi saa saba za usiku. Nililisema hili kwa ukali kidogo mwishoni mwa muhula. Walisikiliza, na sasa ukurasa wa timu wanausoma kwa shilingi 20,000, na karatasi ya mwalimu humfikia Jumatatu asubuhi, kabla hajapanga mazoezi ya wiki.

Kwa muhula unaokuja tumelipia akaunti 14 na ukurasa wa timu, jumla shilingi 230,000, na wachezaji saba wamechagua kusomewa tu bila kuwekewa chujio. Mlinda mlango ni mmoja wao. Amelitoa chujio mwenyewe, na nusu karatasi zake amezibandika ndani ya mlango wa kabati lake la bwenini, ya mama wa Igoma ikiwa juu.